Raia Aliyejitangaza: Historia Fupi ya APRS

Ninapofundisha historia ya mawasiliano, wanafunzi huniuliza ni nani aliyezipa dola na kampuni za simu haki ya kujua tulipo. Swali hilo ni la haki, ila limesahau tawi jingine la historia hiyo, lililokulia mikononi mwa wanaredio wa ridhaa.

Mwaka 1982, Mmarekani Bob Bruninga, aliyekuja kujulikana kama mhandisi wa Chuo cha Wanamaji huko Annapolis, alitumia kompyuta ya Apple II kuchora kwenye ramani taarifa za mahali zilizotumwa na jeshi la majini. Mwaka 1984, kwa kompyuta duni zaidi ya VIC-20, alifuatilia farasi katika mashindano ya maili 100. Kutoka kwa manowari hadi kwa farasi! Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumo ukawa umepata sura tunayoijua, ukiitwa APRS.

Utaratibu wake ni mwepesi. Redio hurusha pakiti fupi yenye alama ya wito ya mwenyewe, latitudo na longitudo, bila kumlenga mtu wala kungoja jibu. Marekani hutumia megahezi 144.390, Ulaya 144.800. Aliye karibu husikia, na vituo vya milimani hurusha tena ili ifike mbali. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, vikaja vituo lango: antena, kipokezi na kompyuta inayopeleka kila pakiti kwenye seva za intaneti, ambako nakala zilizojirudia hutupwa. Vingi kati ya vituo hivyo hupokea tu. Ni masikio yasiyo na kinywa, kwani ujumbe wa kurudi kwa mtu aliye porini hauwezi kupitia hapo.

Hapa ndipo penye uzito wa kisiasa. Kanuni za kimataifa haziruhusu wanaredio wa ridhaa wa nchi mbalimbali kuficha maana ya mawasiliano yao kwa msimbo; uwazi ndio sharti la kibali. Lakini kukubali kusikiwa na jirani si kukubali kuhifadhiwa milele na kusomwa na yeyote duniani. Wabunifu wa mfumo waliliona jambo hilo. Mrushaji akiweka neno NOGATE au RFONLY katika njia ya pakiti, lango hutakiwa kuisikia na kuiacha ipite. Ridhaa, kwa hiyo, iliandikwa ndani ya pakiti yenyewe, miaka mingi kabla ya sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022. Hakuna mahakama inayolisimamia neno hilo; linategemea uungwana wa mwenye lango na wa aliyeandika programu yake. Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nadhani ni mfano wenye manufaa kuliko fomu ndefu za ridhaa ambazo mwananchi husaini bila kuzisoma.

Bruninga alifariki Februari 2022. Kwa miaka mingi alilalamika kwamba watu waliugeuza mfumo wake kuwa chombo cha kufuatilia magari, ilhali yeye aliukusudia uwe wa watu kupashana habari za papo hapo, pande zote mbili.