Ustawi wa hisia za wanafunzi wa msingi Kojani: mtoto anaporudi kutoka dago

Kojani ni kisiwa kidogo kilichopo upande wa mashariki wa Pemba, katika Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Anayekwenda huko huvuka kwa chombo, na akishuka hukuta nyumba zimekaribiana mno, ukuta kwa ukuta. Wakojani wanajulikana katika pwani yote ya Afrika Mashariki kwa uvuvi, na hasa kwa dago, yaani desturi ya wavuvi kuhama kwa muda na kupiga kambi ugenini, wakifuata samaki na misimu ya kaskazi na kusi. Kambi hizo huwapeleka Unguja, Tanga, Dar es Salaam, Mafia na hata pwani ya Kenya. Dago moja laweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Ndilo linalolisha nyumba nyingi, na ndilo linaloyapa malezi ya hisia za mwanafunzi wa Kojani sura yake ya pekee.

Ustawi wa hisia ni hali ya mtoto kujiona yu salama, kuweza kusema linalomuumiza, kutulia baada ya hasira au hofu, na kuishi vyema na wenzake. Mtoto mwenye hali hiyo bado hulia na bado hugombana. Tofauti ni kwamba hurejea katika utulivu akapata nafasi ya kujifunza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takriban theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimia miaka 14. Kwa hiyo miaka ya skuli ya msingi ndiyo miaka ya kuangalia kwa makini, ingawa mara nyingi watu wazima huitazama kama miaka ya kusoma na kuhesabu tu.

Katika kisiwa cha wavuvi, dhiki ya mtoto huwa na sababu zinazojulikana na kila mtu lakini zisizotajwa darasani. Baba anapoondoka, mama au bibi hubaki na mzigo wote wa nyumba, na mtoto mkubwa hugeuka mlezi wa wadogo zake. Siku za upepo mkali, mtoto aliye darasani anaweza kuwa anawaza chombo cha baba yake. Bahari nayo huchukua watu. Kuzama kwa meli ya MV Spice Islander I, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, kuliacha misiba katika familia nyingi za Pemba, na wengi wa watoto wa msiba ule leo ni watu wazima.

Mtoto mdogo hana maneno ya kutaja huzuni, hivyo mwili na mwenendo wake ndio husema. Hulalamika tumbo kila asubuhi. Husinzia katika somo alilokuwa akilipenda, au hujitenga wakati wa mapumziko. Mwengine hupigana kwa jambo dogo, naye ndiye anayekosewa zaidi, kwa sababu huonekana mtukutu wakati ana hofu. Dalili moja ya siku moja haitoshi kuhukumu. Mabadiliko yanayodumu wiki mbili au zaidi yanastahili mazungumzo na mzazi.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote ni pale mtoto mwenyewe, hasa wa kiume, anapochukuliwa dago kisha akarudi skuli. Wenzake wamekwenda mbele katika masomo. Yeye ameshika nyavu, ameshika fedha na amekaa na watu wazima. Akisimamishwa mbele ya darasa akaulizwa alikokuwa, akachekwa au akapigwa, anapata sababu ya kuona kwamba kambini anaheshimiwa na darasani anadhalilishwa. Wengi wa aina yake hawaagi. Siku moja hawaonekani tena. Ada si kikwazo hapa, kwani elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964. Kinachoweza kumrudisha baharini moja kwa moja ni namna alivyopokewa asubuhi ile.

Mapokezi mema hayahitaji fedha. Mwalimu humsalimu kwa jina, humkalisha karibu na mwenzake anayemuamini, na suala la utoro huliweka kwa mazungumzo ya faragha baadaye. Masomo yaliyompita hupangiwa utaratibu wa kuyafidia kidogo kidogo. Alichokiona dago nacho kina faida: mtoto anayejua kupima samaki na kugawa mapato ana hesabu kichwani tayari, na mwalimu akiitumia ubaoni, mtoto hujiona ana cha kuchangia. Kufanya hivi si kuhalalisha utoro. Mzazi huitwa na kuelezwa wazi kwamba mahali pa mtoto wakati wa masomo ni skuli.

Mwanafunzi anapomfungulia moyo mwalimu, mwalimu husikiliza bila ya kumkatisha na hamuahidi siri asiyoweza kuitunza. Akieleza kuwa anapigwa, anatishwa au anaguswa vibaya, taarifa lazima ifike kwa mwalimu mkuu, Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inataka maslahi yake yatangulizwe katika uamuzi unaomhusu.

Skuli haiwezi kuyabeba haya peke yake. Mtoto wa Kojani hugawa siku yake baina ya skuli na chuo cha Kurani, hivyo ustadhi huweza kuona asichokiona mwalimu, na wawili hao wanapozungumza mtoto hupata ulinzi wa pande mbili. Sheha na kamati ya skuli wanaweza kukaa na wavuvi kabla ya msimu kuanza, wakakubaliana nani atamlea mtoto atakayebaki. Baba aliye mbali naye ana simu mkononi: kumuuliza mtoto habari za skuli kabla ya habari za nyumba ni msaada mkubwa kwake.

Mtoto, mzazi au mwalimu anayehitaji ushauri anaweza kupiga Simu ya Mtoto, namba 116, bila ya malipo.