Treni bila dereva: nani anabaki na breki?

Uzi mrefu kidogo, vumilieni.

Mjadala wowote wa usafiri hapa Mombasa haukai sana kabla mtu hajaitaja Dubai. "Wenzetu wana treni haina dereva, sisi twapigania matatu!" Hapo pande mbili hujitokeza. Huyu asema tuletewe na sisi, yule asema mitambo hiyo itawala vijana mkate. Nimesikia hoja zote mbili hapa Makadara, uwanjani na kwenye baraza za kahawa. Simtaji mtu wala chama, na wewe ukijibu usinitajie. Nataka tuangalie historia tu, manake naona pande zote mbili zaruka jambo kubwa.

Kwanza, sisi watu wa kisiwani tulishakuwa na gari la reli lisilo na mtu mbele, tena zamani.

Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilianza kutandika reli nyembamba upande wa bara, wakaiita Reli ya Afrika ya Kati. Jina kubwa hilo! Reli yenyewe ilikwenda maili chache tu ikafa. Vyuma vyake vikaletwa kisiwani vikawa njia ya troli: benchi juu ya magurudumu manne, kipaa cha kukinga jua, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Abiria akaa mbele aangalia njia, hana kazi yoyote. Nyuma yake wanaume wasukuma mbio, na mteremko ukija wadandia. Tafuteni postikadi za wakati ule, zimejaa mitandaoni. Kwenye nyingi nilizoona, bwana mwenye kofia ndiye aliyeangaliwa na kamera. Injini iko mgongoni mwake na ina jasho.

Troli zilidumu hadi miaka ya 1920, motokaa zikazishinda.

Nimeanza na troli makusudi. Treni ya kisasa isiyo na dereva nayo ina watu, ila hawaonekani. Wenye kazi hiyo hupima utaratibu huu kwa viwango, kuanzia 0 hadi 4. Sifuri ni dereva kutumia macho na mkono wake. London walipofungua Victoria Line mwaka 1968, treni ilijiendesha yenyewe kati ya stesheni, dereva akabaki na milango na kitufe cha kuondokea: hicho ni kiwango cha 2. Docklands, London hiyohiyo mwaka 1987, hakuna dereva ila yuko mhudumu ndani anayeweza kushika usukani mambo yakiharibika. Kiwango cha 4, yaani treni yaweza kwenda bila mfanyakazi yeyote ndani, Wafaransa walikifikia Lille mwaka 1983.

Kinachowezesha hayo si muujiza. Kompyuta hujua kila treni iko wapi na kasi yake, huiachia ya nyuma nafasi ya kufunga breki, na kwenye jukwaa huwekwa ukuta wa kioo wenye milango ili mtu asianguke relini. Halafu kuna chumba cha udhibiti, watu wamekaa mbele ya skrini usiku na mchana, na mafundi karakana. Kazi hazikuisha, zimehama. Na zilikohamia huwa ni chache zaidi na zahitaji shule nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Dereva haendeshi treni tu. Dereva aweza pia kuikataa.

Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 wa mji huu waligoma: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi wa majumbani. Karibu wiki mbili Mombasa ilisimama. Walikuwa wakikutana kwenye kiwanja walichokiita Kiwanja cha Maskini. Serikali ya kikoloni ililazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara, na watu wakaongezwa. Kiongozi wao alikamatwa Agosti mwaka huohuo, lakini nyongeza ilishatoka. Hawakuwa na kura wala bunduki. Silaha yao ilikuwa moja: bila mikono yao, mzigo haushuki na treni haiondoki.

Ukishalielewa hilo, tazama Paris, Desemba 2019. Mgomo mkubwa wa pensheni, njia nyingi za metro zimefungwa. Lakini njia ya 1 na ya 14 zaenda kama kawaida, manake hazina madereva. Ya 14 ilijengwa hivyo tangu 1998. Ya 1, iliyofunguliwa mwaka 1900, iligeuzwa kidogokidogo kati ya 2007 na 2012 huku abiria wakiendelea kupanda. Na uongozi ulikaa chini na vyama vya wafanyakazi kabla ya kugeuza, madereva wakapelekwa njia nyingine na kazi nyingine. Walipoteza breki, ila angalau waliipatia bei.

Dubai je? Ilifungua metro yake 9 Septemba 2009, bila dereva tangu siku ya kwanza. Hakukuwa na wa kuzungumza naye, kwa sababu kule vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi. Ndugu zetu wanaotutumia video za ile treni wanaishi chini ya sheria hiyohiyo. (Na ukitaka kukaa mbele kabisa uangalie njia, ukate tiketi ya Gold. Troli ile.)

Wale wa "mitambo yala ajira" nao niwaambie kitu. SGR ilianza hapa 2017 na ina madereva. Lakini Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo ya bara yote ipande reli, malori yalisimama, maghala yakakauka, mama wa chakula akakosa wateja. Vijana waliandamana kila Jumatatu. Hakuna roboti aliyehusika hapo, ilikuwa karatasi yenye saini. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema amri ile haikuwa halali, baada ya zaidi ya mwaka wa njaa.

Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani na picha ya treni ya vioo, msimpigie makofi wala kumzomea kwanza. Muulizeni: chumba cha udhibiti kitakuwa wapi, Mombasa au ng'ambo? Nani atasomeshwa kukaa mle, na kwa mkataba wa nani? Wenye matatu na tuktuk wataitwa mezani kabla ya reli au baada? Na ikitokea watu wa mji huu wana neno zito la kusema kama 1947, watasimamisha nini?

Majibu yako wazi. Majina hapana, tafadhali.