Paka, Mfalme na Malaika

Katika Chat Noir, mchezo wa kompyuta uliotungwa Japani, paka mweusi husimama katikati ya uwanja wa vituo 11 kwa 11. Mchezaji huziba kituo kimoja, naye paka husogea hatua moja. Akizungukwa amenaswa, akifika ukingoni ametoroka. Wengi huuhesabu mchezo huo kuwa wa kupotezea wakati tu, lakini fumbo la namna hiyo lilikuwapo zamani kabla yake.

Mwaka 1974 Martin Gardner alieleza mchezo wa Richard Epstein, ambamo mfalme wa sataranji hukimbilia ukingoni huku mpinzani akiziba miraba. Mwaka 1982 Berlekamp, Conway na Guy walilipanua swali: Malaika hukimbia katika uwanja usio na mwisho, na Shetani huziba. Malaika aendaye kama mfalme hunaswa. Je, aendaye hatua 2 kwa zamu, akiruka miraba iliyozibwa? Jibu halikupatikana hadi 2006, walipothibitisha Máthé na Kloster, kila mmoja peke yake, kwamba huyo hanaswi kamwe.

Flash, programu iliyouchukua mchezo wa paka, ilikomeshwa mwisho wa 2020. Fumbo lenyewe halikukoma. Basi mchezo usidharauliwe kwa sura yake. Mtoto amfukuzaye paka hujifunza upesi jambo walilolijua wanahesabu: ukuta hujengwa mbali na mkimbizi, wala si miguuni pake.