Kutoka Kipande cha Shingoni Hadi Kamera ya Machoni

Miwani hizi zenye kamera mnazoziona TikTok, watu wanaziita teknolojia mpya. Kifaa ni kipya, sawa. Lakini swali la nani anabeba habari zako na nani anaruhusiwa kuzisoma, hilo Kenya tumelijua kwa zaidi ya miaka 100. Mimi chuo niliacha katikati, lakini historia haiulizi shahada, so twende pole pole.

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915. Vita vikaichelewesha, ikaanza kufanya kazi kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kubeba ndani ya kikebe cha chuma, akakining'iniza shingoni. Hicho ndicho kipande. Wazee wetu wa huku Mbumbuni hawakupona, maana wakati huo Makueni yote ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos.

Ndani ya kikebe kulikuwa na jina lako, kwenu, mwajiri wako, siku uliyoanza kazi, siku uliyoacha na mshahara wako. Ukishikwa bila hicho kitu, ni faini ama jela. Ukitoroka shamba la mzungu kabla hajatia sahihi, unatafutwa kama mhalifu, na vidole vyako tayari viko kwa serikali. Sasa fikiria: wengi waliokibeba hawakujua kusoma. Unatembea na faili yako mwenyewe shingoni, askari anaisoma, mwajiri anaisoma, wewe huwezi. Na hata ungeweza, huna ruhusa ya kubadilisha neno moja. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi, na si utani.

Harry Thuku alikipinga waziwazi, pamoja na kodi na kazi za lazima. Machi 1922 akakamatwa. Watu walipokusanyika Nairobi kudai aachiliwe, polisi walifyatua risasi, na serikali yenyewe ikakubali waliokufa ni 21. Hata hivyo kipande hakikuondoka hadi mwisho wa miaka ya 1940.

Kwa nini nayasema haya kwa habari ya kompyuta? Kwa sababu 1983, huko Marekani, Richard Stallman alianza kupigania jambo linalofanana sana na hilo: mtu asilazimike kutumia kitu asichoweza kukisoma ndani. Akatangaza mradi wa GNU na baadaye akaeleza uhuru wa aina nne: kutumia programu utakavyo, kusoma msimbo wake, kuirekebisha, na kuwagawia wengine, iwe vile ulivyoipata ama vile ulivyoirekebisha. Hizo ndizo programu huru. Kama simu yako ni Android, kiini chake ni Linux, ambayo ni tunda la wazo hilohilo.

Miwani ya Ray-Ban Meta haiko hivyo. Unainunua, unaivaa, inapiga picha na video, lakini huwezi kufungua programu yake uone ni nini kinatumwa kwa kampuni na nini kinabaki kwako. Hicho ni kikebe kilichofungwa, tofauti ni kwamba hiki umekilipia mwenyewe.

Hapa ndipo natofautiana kidogo na wenzangu wa programu huru. Uhuru wa Stallman unamlinda anayevaa. Mama anayeuza maembe sokoni Mbumbuni hajavaa chochote, yeye ndiye anayetazamwa. Zamani ulilazimishwa kubeba habari zako mwenyewe, leo mtu mwingine anazibeba usoni pake na hakuambii. Na uhuru wa kurekebisha programu unaweza pia kuwa uhuru wa kuzima ile taa ndogo inayoonyesha kwamba unarekodiwa. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard waliunganisha miwani hiyo na mtandao wa kutafuta nyuso, wakaweza kumjua mpita njia kwa jina na hata anapoishi. Walikataa kuutoa msimbo wao, na mimi nawaelewa kabisa.

Kwa hivyo programu huru ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni sheria, na kwetu ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja 2019. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza klabu ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule ya Roma ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuwa wamekubali. Hizo zilikuwa picha za kawaida tu, hata miwani hazikuhitajika.

Sasa nawageukia nyinyi wenzangu tunaotengeneza video. Sokoni, kanisani, kwa mkutano wa chama, kwa foleni ya hospitali, mwambie mtu unamrekodi kabla hujaanza. Akisema hapana, weka kamera chini. Babu zetu hawakupewa nafasi ya kusema hapana. Yule mama wa maembe mpe.