Uhifadhi Mahali Pake

Mwaka 1989, katika kiwanja cha Southwark, London, kilichokuwa kikisubiri jengo jipya la ofisi, wanaakiolojia walifukua misingi ya Rose, jumba la tamthilia lililojengwa mwaka 1587. Kazi za Marlowe na Shakespeare zilichezwa humo. Waigizaji walimiminika kiwanjani kuyakinga mabaki hayo na mashine, hadi mchoro wa jengo ukabadilishwa: nguzo zikasogezwa, na ghorofa likasimama juu ya magofu bila kuyalalia.

Wanaakiolojia hueleza uamuzi huo kwa maneno ya Kilatini, in situ. Kwa Kiswahili nachagua uhifadhi mahali pake. Uhifadhi wa papo hapo unavutia sikio, lakini msomaji atafikiri ni jambo la haraka. Palepale nalo lina kasoro hiyohiyo: aliyefia palepale amekufa mara moja. Mahali pake hapaleti wazo la muda, na kile kimilikishi -ake kinatamka haki ya mabaki juu ya ardhi yao.

Ila mahali hapo si nukta kwenye ramani tu. Ni udongo unaoyazunguka mabaki, kina chake, na maji yaliyomo. Rose ilidumu karne nne kwa sababu ya unyevunyevu. Ukiuanika udongo ule, unapasuka, na mbao zinaoza. Ndiyo maana baada ya kuchimbuliwa, mabaki yalifukiwa tena kwa mchanga, yakafunikwa zege, kisha yakamwagiwa maji yanayotunzwa hadi leo. Mgeni anayeshuka chini ya lile jengo huona kidimbwi, na taa nyekundu zinazofuata mzingo wa kuta asizoziona. Wengi husikitika. Mimi naona hapo istilahi imetimizwa kwa ukamilifu, maana kuhifadhi si lazima kuonyesha.

Athens walifanya yote mawili. Jumba la Makumbusho la Acropolis, lililofunguliwa mwaka 2009, limebebwa na nguzo zaidi ya 100 zilizopangwa kukwepa mtaa wa kale uliofukuliwa chini yake, na sakafu za kioo humwezesha mtu kuutazama.

Kinyume chake ni hekalu la Mithras, lililopatikana Walbrook, London, mwaka 1954. Mawe yake yaling'olewa ili jengo la ofisi lipate nafasi, na mwaka 1962 yakapangwa upya kwingine, juu ya ardhi, kwa saruji ya kisasa. Mawe yaliokolewa, uhusiano wake na tabaka za udongo ukavunjika. Mwaka 2017 hekalu lilirudishwa chini, mita saba hivi, karibu sana na lilipokuwa. Hata hivyo, huko ni kurejesha, na kunastahili jina hilo.

Mwaka 1990 serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo wa mipango miji ulioupa uhifadhi mahali pake kipaumbele kwa mabaki yenye umuhimu wa kitaifa. Yasiyoweza kubaki huchimbuliwa, hupimwa, huchorwa na kupigwa picha kabla ya ujenzi kuendelea. Wataalamu huita hilo uhifadhi kwa kumbukumbu. Ni kazi ya lazima, na ninaiheshimu, lakini neno uhifadhi silikubali hapo: picha imebaki, ukuta haupo. Katika hati ya ujenzi ningeandika kufukua na kuweka kumbukumbu, ili anayetia saini ajue kinachoondoka.