Kwani Mfalme Alishika Patasi?

Shuleni tulizoea kuambiwa mfalme fulani alijenga hekalu fulani. Kwani mfalme alishika patasi?

Wasee, twendeni Karnataka, kusini mwa India. Mwaka wa 1117, mfalme Vishnuvardhana wa ukoo wa Hoysala alianzisha hekalu la Chennakeshava pale Belur. Halebidu, si mbali na hapo, kuna lingine la Hoysaleshwara. Ukifika unavua viatu, kisha unazunguka nje polepole ukifuata ukuta. Chini kabisa ni tembo, mmoja nyuma ya mwingine, ni kama wamebeba jengo lote. Juu yao kuna simba, maua, wapanda farasi, halafu hadithi za Ramayana na Mahabharata. Juu zaidi ni miungu, mikufu yao imechongwa shanga kwa shanga. Na hilo ni jiwe!

Siri ni jiwe lenyewe. Likitoka ardhini ni laini, patasi inapita bila vita. Likikaa kwenye hewa linakuwa gumu. Ndugu yake tunamjua: jiwe la Kisii, lile la Tabaka.

Lakini kilichonimaliza mimi si tembo, ni majina. Wachongaji wengi wa Hoysala waliandika majina yao kwenye kazi. Belur kuna Dasoja na mwanawe Chavana, watu wa Balligavi. Somanathapura, kwenye hekalu la 1258, jina la Mallitamma linarudi tena na tena.

Mwaka wa 1311 jeshi la Delhi chini ya Malik Kafur lilivamia Halebidu, uliokuwa mji mkuu. Baadaye ufalme wenyewe ukaisha. Majina ya mafundi bado yako hapo, na mwaka wa 2023 UNESCO iliyaweka mahekalu hayo matatu kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Sasa chukua kile kiboko cha jiwe kilicho sebuleni kwenu. Kigeuze. Pengine kimeandikwa "Kenya" tu. Nani alikichonga? Sisi ndio hulia mtu akipost video zetu bila kututaja, na hatujawahi kumuuliza fundi wa Tabaka jina lake.

Siku ukinunua kingine, muulize. Tena mwambie alichonge hapo chini. Kama Mallitamma.