Kuchagua Chembe cha Mshale

Mtu apitaye leo katika mtaa wa Pioneer, mjini Eldoret, ataona nyumba za mawe, maduka, shule na pikipiki za abiria. Hataona mwindaji, wala upinde, wala podo. Jina la mtaa huo ni la Kiingereza, na maana yake ni mtangulizi, yaani mtu afikaye mahali kabla ya wenzake. Lakini katika uwanda wa Uasin Gishu walikuwako watangulizi wengine zamani sana, kabla jina hilo halijaandikwa katika ramani yoyote. Watu hao hawakutuachia vitabu. Walituachia vitu, na miongoni mwa vitu hivyo kimo kimoja kidogo, aghalabu kisichozidi urefu wa kidole: chembe cha mshale. Chembe hicho, kikitazamwa kwa makini, ni ukurasa wa historia.

Mshale una sehemu tatu. Wano huubeba, manyoya huuongoza, na chembe hufanya kazi. Upinde ukiwa na nguvu namna gani, na mkono ukiwa na shabaha namna gani, chembe kisichofaa hubatilisha yote. Kwa hiyo mwindaji wa zamani, kabla ya kutoka nyumbani, alijiuliza swali moja: Mshale huu ukifika, nataka utende nini? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua chembe gani kitiwe katika podo.

Vyembe vya kwanza vya Afrika Mashariki vilikuwa vya mawe. Karibu na maziwa ya Naivasha na Nakuru hupatikana jiwe jeusi lililotoka katika volkano, ling'aalo kama kioo, na ukingo wake hukata kama wembe. Wawindaji walilivunja vipande vyembamba wakavinasa katika miti. Baadaye kikaja chuma. Chuma kilikuwa bora, lakini kilikuwa haba na cha thamani. Hakikuwa kitu cha kupotezwa vichakani. Bwana A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba wengi wa wahunzi wa Nandi walikuwa wazao wa Wamasai wa Uasin Gishu, waliokimbilia huko baada ya kushindwa vitani katika karne ya 19. Tazama jinsi historia ilivyo ya ajabu: watu waliopoteza nchi yao walipokewa na jirani zao, na ufundi wao ukawa mhimili wa nguvu za wenyeji wao. Uwanda uliendelea kuitwa kwa jina la waliouhama.

Na tuanze na ndege, kwa maana hapo ndipo kijana alipoanzia masomo yake. Kanga na kwale ni ndege wa kukimbia. Husikia upesi, na manyoya yao huwa mazito. Mtu asiyejua angedhani kwamba chembe kikali cha chuma kingewafaa zaidi. La. Chembe chembamba chaweza kumpenya ndege na kutokea upande wa pili. Naye huruka au kukimbia, akafia mbali majanini, na mwindaji akakosa nyama na mshale pia. Kwa sababu hiyo mahali pengi walitumia mshale wenye kichwa cha mti, kinene na butu. Huo haukukata bali ulipiga. Ndege alianguka papo hapo, na nyama yake haikuharibika. Tena mshale wa mti ukipotea, haukupotea na chuma. Swali hilohilo huwakabili hata leo wawindaji wa bata mzinga wa mwitu kule Marekani, watumiao pinde zilizolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Wao wamechagua njia nyingine, chembe kipana cha chuma kikatacho jeraha kubwa, lakini nia ni ileile: ndege asiende kufia mbali kwa mateso.

Kwa wanyama wakubwa zaidi, kama swala, kichwa butu hakikufaa kitu. Hapo palihitajika chembe cha chuma chenye makali pande mbili, kikatacho mishipa ili damu itoke kwa wingi na mnyama asiende mbali. Vingine vilichongwa miiba iliyoelekea nyuma, ili visichomoke mnyama apitapo vichakani.

Tena palikuwa na mishale ya sumu. Sumu hiyo ilitokana na mti uitwao msunguti, ambao magome na vipande vyake vilichemshwa hata maji yakawa mazito kama lami. Chembe cha sumu hakikuhitaji kuwa kipana, kwani kazi yake haikuwa kutoa damu bali kuifikia damu. Wakamba na Wawaata, waliokuwa mabingwa wa kazi hii, walikitia chembe katika kijiti kifupi kilichopachikwa kwenye wano. Mnyama alipopigwa, wano lilianguka na chembe kikabaki mwilini. Tena walikiviringishia kipande cha ngozi, sumu isikauke na isimdhuru aichukuaye. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, aliitenga dawa iliyomo katika sumu ya namna hiyo, nayo baadaye ikatumiwa na madaktari kutibu maradhi ya moyo. Kile kilichosimamisha moyo wa ndovu kilitumika, kwa kipimo kidogo, kuusaidia moyo wa mgonjwa.

Lakini si kila windo lilikuwa la mshale. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka katika urais wa Marekani mwaka huohuo, alifika Sergoit, si mbali na Eldoret ya leo, akawaona Wanandi wakimzunguka simba na kumwua kwa mikuki. Kujua silaha ni pamoja na kujua wakati wa kuiacha.

Sasa tuje kwenye chembe kilicho cha ajabu kuliko vyote, nacho ni kile kilichotengenezwa ili kisiue. Wanandi, Wakipsigis na Wamasai walikunywa damu ya ng'ombe, pengine pamoja na maziwa. Shingo ya ng'ombe ilifungwa ukanda wa ngozi hata mshipa ukavimba. Kisha mtu alisimama karibu akapiga mshale mdogo, ambao nyuma ya ncha yake palikuwa na kizuizi. Ncha iliingia kiasi cha kutoboa mshipa, na kizuizi kikaikataza isiendelee. Damu ilikingwa katika kibuyu; ukanda ukafunguliwa, jeraha likafunga, na ng'ombe akarudi malishoni. Fikiri, msomaji, akili iliyomo katika kizuizi hicho. Upinde ulikuwa uleule wa kuua, na mkono uleule. Tofauti kati ya mauti na chakula ilikuwa kipande kidogo kilichowekwa mahali pake na mtu aliyejua nguvu zake na akakubali kuziwekea mpaka.

Wakati wa vita na Waingereza, yaani tangu 1895 hata 1905, chuma cha kufanyia silaha kilikuja chenyewe hata mipakani mwa Nandi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Wanandi walikata nyaya za simu kwa mapambo, wakachukua bolti za reli wakazifua kuwa silaha. Vita vilikwisha baada ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kuuawa kwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905. Mwaka 1908 Makaburu walifika Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na maksai. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba namba 64, na kwa hiyo wenyeji wakapaita Sisibo. Mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret. Bunduki ikashika nafasi ya upinde, na wanyama wa uwandani wakapungua upesi. Mwishowe, mwaka 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama pori.

Je, mishale ilikoma? Ingefaa niseme ndiyo, lakini historia haipendi kupambwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Eldoret na mashamba ya pande zake yalikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi, na watu walifikishwa hospitalini wakiwa na vyembe vya mishale miilini mwao. Tume iliyochunguza machafuko hayo ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika Kenya nzima, kwa silaha za namna nyingi. Wala jambo hili si jipya. Mahali paitwapo Nataruk, karibu na Ziwa Turkana, wataalamu walifukua mifupa ya watu wasiopungua 27 waliouawa yapata miaka 10,000 iliyopita. Na vipande vya ncha za mawe vilikutwa humo. Aliyelijua jiwe la kumpata swala alikuwa na uwezo wa kulielekeza kwa jirani yake.

Basi tusiwasifu wazee kwa yote, wala tusiwadharau kwa lolote. Walitutangulia katika elimu ya kweli: walijua tabia ya kanga, mshipa wa ng'ombe, na nguvu ya mti wa porini. Hayo yote waliyapima kabla ya kuvuta upote, kwa maana mshale uliokwisha toka haurudi. Sisi wa leo hatuchagui vyembe, lakini tunachagua maneno, na habari tunazozitawanya, na mambo tunayoyafanya kwa hasira. Hayo nayo yakitoka hayarudi. Yatupasa kujiuliza swali la mwindaji wa Uasin Gishu: Huu ukifika, nataka utende nini? Na pale ambapo nguvu zetu zaweza kupita kiasi, tukumbuke mshale wa ng'ombe, tuweke kizuizi.